Ndege ndogo: Uti wa mgongo wa usafiri kusini mwa Afrika

ASUBUHI na mapema mjini Maun, kaskazini mwa Botswana, shughuli huwa zimepamba moto katika uwanja wa ndege kabla ya jua kuwa kali. Ndege zenye injini moja na viti vitano au sita hupakiwa mboga, vipuri vya jenereta, watalii na wafanyakazi wanaorejea kazini. Kisha, moja baada ya nyingine, hupaa kuelekea visiwa vya Delta ya Okavango ambako barabara humezwa na maji kwa miezi kadhaa kila mwaka. Kwa watu wa huko, ndege ndogo si anasa. Ni matatu, ni lori na, mgonjwa anapozidiwa, ni ambulensi.

Ndege za aina hii ni sehemu ya sekta pana inayojumuisha takriban kila safari ya anga ya kiraia ambayo si ya mashirika makubwa yenye ratiba maalumu. Humo mna ndege za kukodi, za mafunzo ya urubani, za kunyunyizia mimea dawa, za kuzima moto wa misitu, za madaktari, za kushika doria katika mbuga na za watu binafsi wanaoruka kwa kujiburudisha. Ni nadra kwa sekta hii kutajwa magazetini isipokuwa ajali inapotokea. Hata hivyo, katika nchi zenye majangwa, milima na vinamasi kama zilivyo nyingi za kusini mwa Afrika, maisha ya maelfu ya watu huitegemea.

MWANZO WAKE

Historia ya usafiri wa anga Afrika Kusini huanza Desemba 28, 1909, Mfaransa Albert Kimmerling alipoirusha ndege aina ya Voisin katika mji wa East London. Ilikuwa safari ya kwanza ya ndege yenye injini nchini humo, miaka sita tu baada ya ndugu wawili wa ukoo wa Wright kuruka kule Marekani. Mnamo 1913, Compton Paterson alifungua shule ya urubani karibu na Kimberley, mji wa machimbo ya almasi. Huko ndiko wanajeshi wa kwanza wa Afrika Kusini walikojifunza kuendesha ndege.

Lakini ni ndege nyepesi za miaka ya 1920, hasa zile za aina ya Moth kutoka Uingereza, zilizoifungua anga kwa watu wa kawaida wenye uwezo. Mnamo Septemba 1927, Luteni Dick Bentley wa Afrika Kusini aliruka peke yake kutoka London hadi Cape Town kwa Moth. Mwaka uliofuata wanawake wawili walimfuata. Lady Heath alitoka Cape Town Januari 1928 na kuwasili London Mei. Naye Lady Mary Bailey alipita njia hiyo kwa mwelekeo wa pili, akaivunja ndege yake alipokuwa akitua Tabora, katika Tanzania ya leo. Hakufa moyo. Mumewe alimtafutia Moth nyingine, akaendelea hadi Cape Town, na kisha akarudi Uingereza akiwa angali peke yake.

Uwanja wa Rand, mjini Germiston karibu na Johannesburg, ulifunguliwa 1931. Miaka mitano baadaye ndipo palipowekwa utepe wa mashindano ya Schlesinger, yaliyoanzia Portsmouth nchini Uingereza. Ndege tisa zilianza mbio hizo mnamo Septemba 29, 1936. Ni moja tu iliyofika: Vega Gull ya C.W.A. Scott na Giles Guthrie, iliyotumia chini ya saa 53. Nyingine zilikwama njiani kwa hitilafu na ajali. Mojawapo, ndege ya injini mbili ya Max Findlay, ilianguka ilipokuwa ikijaribu kupaa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, kaskazini mwa Zambia. Findlay na mtaalamu wake wa redio walifariki.

Mkasa wa Abercorn unabeba funzo ambalo halijachakaa hadi leo. Ndege iliyojaa mafuta, uwanja ulio juu sana kutoka usawa wa bahari, na miti mwishoni mwa njia ya kurukia: hayo matatu yakikutana, mwanya wa kuponea huwa mwembamba.

HEWA ISIYOBEBA

Adui mkuu wa ndege ndogo katika ukanda huu haonekani kwa macho. Ni hewa yenyewe. Sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika ni nyanda za juu. Uwanja wa Rand uko mita 1,671 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na uwanja wa Wilson jijini Nairobi. Lanseria, kaskazini magharibi mwa Johannesburg, uko mita 1,377. Nayo Lesotho ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari.

Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Joto nalo huitanua na kuifanya iwe nyepesi zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, mambo matatu huharibika kwa pamoja. Injini ya kawaida hupata oksijeni kidogo, hivyo nguvu zake hupungua. Rafadha huwa na hewa haba ya kukamata. Na mabawa nayo hulazimika kwenda kwa kasi kubwa zaidi ndipo yaweze kuinua uzito ule ule.

Chukua mfano wa Lanseria. Katika kimo hicho, kiwango cha joto ambacho wahandisi huchukulia kuwa cha wastani ni nyuzi 6 hivi. Siku ambayo kipimajoto kinaonyesha nyuzi 30, ndege huwa katika hali ya uwanja ulio mita 2,250 juu ya bahari. Ni kana kwamba uwanja mzima umeng'olewa na kupelekwa Limuru. Injini isiyo na kifaa cha kusukumiwa hewa hupoteza kati ya moja ya tano na robo ya nguvu zake, na umbali inaohitaji ili kupaa huongezeka mno.

Hii ndiyo sababu marubani wenye uzoefu hupenda kuruka alfajiri. Hii pia ndiyo sababu, katika viwanja vya juu, rubani hupunguza kiasi cha petroli kinachochanganywa na hewa kabla ya kupaa, jambo ambalo aliyefunzwa pwani huenda asilikumbuke. Wageni wengi kutoka Ulaya huduwaa wanapoiona ndege waliyoizoea ikitambaa hadi karibu na ua wa mwisho ndipo iache ardhi.

Hesabu ya uzito nayo haina mzaha. Cessna 206, mojawapo ya ndege zinazopendwa sana na marubani wa nyikani, inaruhusiwa kuwa na uzito wa kilo 1,633 hivi wakati wa kupaa. Yenyewe ikiwa tupu hukaribia kilo 1,000. Tofauti ya kilo 600 na ushei ndiyo hugawanywa kati ya rubani, abiria, mizigo na mafuta. Matangi yakijazwa pomoni, mafuta peke yake huchukua takriban kilo 240. Ndiyo maana watalii wanaozuru Okavango huambiwa wasibebe zaidi ya kilo 20, tena katika mifuko laini isiyo na magurudumu. Si ubahili wa wenye kambi. Ni sheria ya maumbile.

NCHI KWA NCHI

Katika Botswana, Maun imekuwa chuo kikuu kisicho na majengo. Vijana kutoka pembe nyingi za dunia humiminika huko wakiwa na leseni mpya za biashara na saa 200 hivi za kuruka, wakitafuta kazi ya kwanza. Anayefanikiwa hutua mara kadhaa kwa siku katika viwanja vya mchanga, na mara nyingine hulazimika kupita chini chini kwanza ili kuwafukuza swara au ndovu waliotwaa njia ya kurukia. Baada ya miaka miwili au mitatu, wengi huondoka kwenda kuendesha ndege kubwa.

Namibia ni nchi ya umbali. Uwanja mdogo wa Eros, jijini Windhoek, ndio kitovu cha ndege nyepesi. Kutoka mji wa pwani wa Swakopmund, watalii hupelekwa kutazama vilima vya mchanga vya Sossusvlei na mabaki ya meli Eduard Bohlen, iliyokwama ufuoni 1909 na ambayo leo imezingirwa na mchanga mbali na maji. Adui wa rubani katika pwani hiyo ni ukungu unaotoka baharini na kufunika viwanja ghafla. Ndani zaidi, Bitterwasser, ukingoni mwa jangwa la Kalahari, ni makao ya wapenzi wa ndege zisizo na injini. Hewa moto inayopanda kutoka ardhini huzibeba ndege hizo kwa saa nyingi. Rubani anayefaulu kwa mara ya kwanza kupita kilomita 1,000 kutoka hapo hupanda mtende kama kumbukumbu, na mitende hiyo sasa imekuwa njia ndefu yenye kivuli.

Lesotho, mambo ni mengine kabisa. Vijiji vingi vya milimani viko mbali na barabara nzuri, na kwa miongo mingi ndege ndogo zimepeleka wauguzi na dawa na kurudi na wagonjwa. Uwanja wa Matekane, ulio karibu mita 2,300 juu ya bahari, una njia ya kurukia ya takriban mita 400 tu, nayo huishia kwenye genge refu. Rubani anayepaa hapo akiwa na mzigo huenda asiwe na kasi ya kutosha anapofika ukingoni, hivyo huinamisha pua ya ndege na kushuka bondeni hadi mabawa yakamate hewa barabara.

Zambia ina huduma yake ya madaktari wa ndege, yenye makao Ndola. Afrika Kusini nako, shirika la Msalaba Mwekundu lilianzisha huduma kama hiyo 1966. Msomaji wa Afrika Mashariki ataikumbuka AMREF, iliyozaliwa 1957 kwa wazo lilo hilo: kwamba kama mgonjwa hawezi kumfikia daktari, basi daktari na amfikie mgonjwa kutoka angani.

Katika Maporomoko ya Victoria, kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, wageni hupanda vyombo vidogo kabisa vya viti viwili, visivyo na kuta wala dirisha, ambavyo hupaa upande wa Livingstone. Abiria haruhusiwi kubeba kamera mkononi. Rafadha ya chombo iko nyuma yake, na kitu kidogo kikimponyoka kinaweza kuivunja.

WATENGENEZAJI

Kinyume na dhana ya wengi, bara hili si mnunuzi tu wa ndege za wengine. Kusini mwa Johannesburg, katika uwanja wa Tedderfield, kuna kiwanda kinachounda ndege za Sling, kilichoanzishwa na Mike Blyth na James Pitman. Mnamo 2009 wawili hao waliizunguka dunia kwa ndege ya viti viwili waliyoibuni, na 2011 safari kama hiyo ikafanywa kwa toleo la viti vinne. Leo ndege za Sling huuzwa zikiwa kamili au kama vipuri vya kuunganishwa na mnunuzi, na nyingi zimefika Marekani, Ulaya na Australia.

Mjini Potchefstroom, ndugu Attie na Uys Jonker walibuni ndege isiyo na injini ya JS1, iliyoruka kwa mara ya kwanza 2006. Ndege za kampuni yao zimeshindana bega kwa bega na zile za Ujerumani, nchi iliyokuwa imetawala mchezo huo kwa miaka mingi. Nayo Bat Hawk, chombo chepesi kinachoundwa katika mkoa wa Mpumalanga, hutumiwa kuwasaka wawindaji haramu. Sifa yake si kasi, bali uwezo wa kwenda polepole, kutua pafupi na kumpa askari wa wanyamapori nafasi ya kuona vizuri nyayo na moshi chini yake.

Juni 2019, vijana 20 wa Afrika Kusini waliwashangaza wengi. Kwa muda wa wiki tatu, wakiongozwa na mafundi, waliunganisha Sling ya viti vinne, na baadhi yao wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, safari ya takriban kilomita 12,000. Miongoni mwa mahali walikotua njiani ni Namibia, Malawi, Zanzibar na Uganda. Walipofika Addis Ababa walitatizika kupata petroli ya ndege. Kizingiti chao hakikuwa milima wala mvua, bali pipa la mafuta.

KUSOMA USAJILI

Anayetaka kujua ndege imetoka wapi na asome herufi zilizoandikwa ubavuni. ZS ni alama ya Afrika Kusini kwa ndege zilizoidhinishwa kiwandani. ZU pia ni ya nchi hiyo, lakini huwekwa kwa zile zisizo na cheti cha aina hiyo, kama vile zilizoundwa nyumbani, nyepesi mno au za kale. V5 ni Namibia, A2 ni Botswana, 9J ni Zambia, Z ni Zimbabwe, 7Q ni Malawi, 7P ni Lesotho na C9 ni Msumbiji. Kwa kulinganisha, Kenya hutumia 5Y, Tanzania 5H na Uganda 5X.

NANI HURUKA?

Leseni ya kibinafsi huhitaji saa 40 hadi 45 za mafunzo angani kwa uchache, pamoja na mitihani na uchunguzi wa afya. Mwanafunzi hulipia ndege, mwalimu na ada za uwanja kwa kila saa, tena petroli na vipuri vingi huuzwa kwa bei inayofuata dola. Randi ikiyumba, masomo husimama. Hata hivyo, shule za Afrika Kusini huwavutia wanafunzi kutoka mataifa mengi, na baadhi ya marubani wa Kenya walipata mafunzo yao huko.

Gharama si kizuizi pekee. Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, chumba cha rubani kilikuwa mahali pa Wazungu. Ilifika 1998 ndipo Asnath Mahapa akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuhitimu kuwa rubani nchini humo. Refilwe Ledwaba, aliyekuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuendesha helikopta katika idara ya polisi ya Afrika Kusini, baadaye alianzisha mpango wa kuwahimiza wasichana kujiunga na taaluma za anga. Pamoja na hatua hizo, anayezuru klabu za ndege wikendi bado ataona kwamba urithi wa zamani haujafutika. Ndege hurithiwa kama mashamba, na asiye na baba mwenye ndege huanzia mbali.

MAFUTA NA VIWANJA

Ndege nyingi za zamani za injini moja hutumia petroli maalumu ambayo ingali na madini ya risasi, yaliyoondolewa katika petroli ya magari kitambo. Petroli hiyo huadimika barani Afrika, ilhali mafuta ya ndege kubwa, yaliyo jamaa ya mafuta ya taa, hupatikana katika kila uwanja wa maana. Marekani inalenga kuacha petroli yenye risasi kufikia mwisho wa 2030, na wenye ndege wa Afrika hawatakwepa mkondo huo. Wapo ambao tayari wamehamia injini ndogo za Rotax kutoka Austria zinazoweza kutumia petroli ya magari. Wengine wamechagua injini za dizeli zinazokubali mafuta ya ndege kubwa.

Tishio jingine ni miji inayotanuka. Viwanja vingi vidogo vilijengwa nje ya miji; sasa miji imevifuata. Wajenzi huvimezea mate na majirani hulalamikia kelele, hata wale waliohamia wakijua fika kuwa uwanja upo. Uwanja wa kale wa Baragwanath, uliokuwa makao ya klabu ya ndege nyepesi ya Johannesburg, haupo tena pale ulipokuwa. Wakazi wa Nairobi walioona maghorofa yakichipuka kandokando ya Wilson hawahitaji kuelezwa zaidi.

USALAMA KWANZA

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Afrika Kusini, iliyoundwa kwa sheria ya 1998, huchapisha ripoti za uchunguzi wa ajali, na anayezisoma huona visa vinavyojirudia: ndege iliyopakiwa kupita kiasi wakati wa joto, rubani aliyeingia mawinguni bila mafunzo ya kutegemea vipimo, mafuta yaliyoisha kwa sababu ya hesabu ya kubahatisha, nyaya za umeme zilizogongwa wakati wa kuruka chini chini. Msimu wa mvua, kati ya Oktoba na Machi, mawingu ya radi hujikusanya juu ya nyanda za juu karibu kila alasiri. Aliyechelewa kuondoka kwa saa mbili tu huenda akakuta njia imefungwa.

Katika visa vingi vya namna hiyo, rubani huwa na nafasi ya kusema hapana kabla injini haijawashwa. Kusema hapana ni kugumu pale abiria amelipa, mgonjwa anasubiri au giza linakaribia. Lakini hewa ya nyanda za juu ni ile ile iliyomshinda Findlay mnamo 1936, na haijali ndege ni mpya au kuukuu. Rubani wa Maun anayeuacha mfuko mmoja wa mzigo ardhini asubuhi ya joto huenda akanung'unikiwa na mwenye mfuko. Jioni, wote wawili watakuwapo wa kunung'unika.